Leso ya Kijani

Mwili wa Baba ulilala mochari siku 16. Alifariki Jumatano tarehe 9 Januari 2008, hapa Nairobi, kwa kiharusi kilichomkuta akitazama taarifa ya habari ya jioni. Kila siku mochari walitudai ada ya siku, na kila jioni tuliketi sebuleni tukiulizana lile lile: tutampitisha wapi?

Kwetu ni upande wa Webuye, karibu kilomita 400 kutoka Nairobi. Barabara yenyewe kila mtu wa magharibi anaweza kuihesabu vituo akiwa amefumba macho: Limuru, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Timboroa, Burnt Forest, Eldoret, Turbo. Tulipokuwa watoto tulivihesabu kwa furaha kila Desemba, maana kila kituo kilikuwa na chakula chake: mahindi ya kuchoma hapa, karoti pale, nyama choma Kikopey. Mwezi ule ukitaja kituo watu wanakuuliza wangapi wamekufa. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alitangaza tarehe 30 Desemba kwamba Rais Kibaki, Mkikuyu, amemshinda Raila, wapinzani wakasema kura zimeibwa, Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ile ile giza likiingia, na kabla ya kucha nchi ilikuwa inawaka. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto, ndani yake mna akina mama na watoto waliokimbilia humo kujificha.

Sasa sikia shida yetu. Baba alikuwa Mbukusu. Mama ni Mkikuyu. Walikutana Mombasa miaka ya 80, Baba akiwa karani bandarini, na ndoa yao haikuwahi kuwa habari kwa mtu yeyote mtaani kwetu mpaka Januari ile. Kuanzia Naivasha hadi Nakuru, mikononi mwa vijana wa Kikuyu, jina la Baba kwenye kibali cha mazishi lingeweza kutuua. Kuanzia Mau Summit hadi Turbo, mikononi mwa vijana wa Kikalenjin, jina la Mama kwenye kitambulisho lingefanya hivyo hivyo. Tulitafuta kipande cha njia ambacho sote, na maiti yetu, tungepita salama. Hakikuwepo.

Wajomba zangu, ndugu za Mama, walishauri azikwe makaburi ya Lang'ata. Walisema kwa upole, na leo nakubali hawakuwa na ubaya wowote. Lakini Mama alikataa kabla hata ya upande wa Baba kufungua mdomo. Alikuwa msichana tu wakati wa kesi ya S.M. Otieno, yule wakili Mjaluo aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, akataka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukadai maiti yake iende Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi 5 huku mahakama zikibishana, hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, mjane hayupo. Mama alikuwa ameifuata kesi ile gazetini siku baada ya siku. "Mimi siwezi kumgeuza mume wangu kesi," alisema. "Alisema alale kwao. Atalala kwao."

Aliyemuunga mkono kwa nguvu zaidi ni Baba Mdogo, ndugu yake Baba aliyemfuata, ambaye alikuwa nyumbani Webuye akisimamia uchimbaji wa kaburi. Alipiga simu usiku akilia. Mifupa ya ndugu yake haiwezi kulala ugenini, alisema. Atafanya juu chini tupite. Tulimshukuru sana. Mama alimwombea kwa jina kwenye sala za usiku ule.

Kilichotuamulia siku ya kusafiri ni mkono. Alhamisi tarehe 24 Januari, Kofi Annan akiwa ndiyo kwanza ametua nchini kupatanisha, Kibaki na Raila walitoka nje ya Harambee House wakapeana mikono mbele ya kamera. Sebule yetu yote ilisimama. Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senge, alipiga kigelegele kimoja kisha akakumbuka tuko msibani akajiziba mdomo. Tukasema basi, wakubwa wamepatana, kesho tunaondoka. Hatukujua kwamba usiku ule ule Nakuru ilikuwa inaanza kuungua.

Tuliondoka Ijumaa saa 10 alfajiri. Tulikodi matatu ya viti 14, tukang'oa viti vya upande mmoja kupisha jeneza. Tulikuwa watu 9. Dereva alikuwa Mkamba, tulimchagua kwa makusudi, ingawa hata hilo halikuwa salama tena, maana Kalonzo Musyoka, Mkamba mwenzake, alikuwa amepewa umakamu wa rais tarehe 8 mwezi huo huo na watu wa barabarani walikuwa na hesabu zao. Mbele tulifunga kitambaa chekundu cha msiba. Kwenye vioo vya pembeni tulichomeka matawi mabichi ya miti kama magari mengine yalivyofanya kuomba amani.

Mama alivaa gauni jeusi na juu yake leso ya kijani yenye maua meupe. Baba alimnunulia Mombasa mwaka wa kwanza wa ndoa. Jina la leso ni "Wema hauozi". Ilikuwa imepauka pindoni, lakini kijani chake kilikuwa bado ni kile cha majani ya mgomba, kinachoonekana kutoka mbali.

Naivasha tulipita kumekucha, mji umetulia, wauza maziwa wako barabarani. Siku 2 baadaye, Jumapili tarehe 27, watu 19 walifungiwa ndani ya nyumba moja mtaa wa Kabati mjini humo wakachomwa, wengi wao watoto na wanawake. Kila nikipita hapo mpaka leo naikumbuka asubuhi ile ya utulivu, na sijui niifanye nini.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kabla ya kuingia Nakuru. Mawe, tairi zinazowaka, na vijana kama 30 wenye panga na rungu. Mmoja alichungulia dirishani akauliza kwa Kikikuyu, "Murathii ku?" Mnaenda wapi. Sote tulinyamaza, kama tulivyokubaliana. Mama akajibu kwa lugha yao, sauti haitikisiki, "Turathii guthika muthuri wakwa." Tunakwenda kumzika mume wangu. Kijana akaomba kibali cha mazishi, akasoma jina. Aliinua macho akamtazama Mama kwa muda. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili sasa, ili sisi wengine tusikie: "Mama, kwa nini ulienda kuolewa huko?" Alikuwa na umri kama wangu, miaka 20 hivi. Alichukua shilingi 2,000 kutoka kwa dereva akatupisha.

Nakuru yenyewe sitaieleza sana. Moshi pande tatu, risasi, watu wakitembea na magodoro kichwani kuelekea uwanja wa maonyesho. Tuliegesha karibu na kituo cha polisi saa nyingi, jua likipiga paa la matatu, na Senge akimpepea Baba kwa gazeti kupitia kioo cha jeneza kana kwamba anahisi joto. Sikumzuia. Baada ya adhuhuri polisi walikusanya malori na mabasi, wakaunda msafara, nasi tukajipenyeza katikati.

Simu nilikuwa nayo mimi. Baba Mdogo alipiga tukiwa Gilgil, akapiga tukiwa Nakuru, akapiga tena tulipokaribia Mau Summit. Mwezi ule kadi za simu zilikuwa shida kupatikana na bei imepanda, nikawa nawaza, huyu mtu ametupenda kiasi gani kumaliza salio lake kutuuliza tulipofika. Mara hii alisema ana kijana wake pale Burnt Forest, mtu wa kule, rafiki wa biashara ya mahindi, ambaye atatupitisha kizuizini. Ila ni lazima amtambue Mama haraka ili amkinge.

"Mama yako amekaa wapi kwenye gari?"

"Nyuma ya dereva."

"Amevaa nini?"

"Leso ya kijani. Ya maua."

Akasema asante mwanangu, Mungu yuko. Nikakata simu nimepata nguvu. Nilimgeukia Mama nikamwambia kuna mtu wetu mbele. Mama alitikisa kichwa tu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba baada ya Mau Summit yeye hasemi tena, ni mjane aliyelia hadi sauti ikakauka, na tayari alikuwa ameanza kunyamaza.

Tulipoanza kupanda Timboroa baridi iliingia. Wanaoijua Timboroa wanajua ninachosema: ni baridi ya mlimani, inapenya hata dirisha likiwa limefungwa. Senge alikohoa mara mbili tatu. Akamwambia Mama, "Wifi, nipe hiyo leso yako, kifua kinanibana. Wewe jifunike hili shuka langu, ni zito." Mama akavua leso akampa. Kisha Senge akasema anasikia kichefuchefu huko nyuma, akaomba wabadilishane viti. Nilikasirika kidogo, nikikumbuka vizuri. Niliona shangazi anasumbua mfiwa.

Muda si muda gurudumu la nyuma likatoboka, msafara ukatuacha. Dereva alibadilisha kwa dakika 15, mikono ikimtetemeka. Tukaendelea peke yetu.

Burnt Forest ilikuwa imeungua mara mbili kabla, mwaka 1992 na 1997, na kila mara ni wakati wa uchaguzi. Mwaka huo tulikuta gogo la mti limelazwa katikati ya lami, na mawe, na nguzo ya simu. Vijana walikuwa na pinde na mishale. Neno lililokuwa likitumika huko lilikuwa "madoadoa": watu wa kabila jingine ni madoa kwenye kitambaa, sharti yatolewe. Nililisikia kwa masikio yangu siku ile, likisemwa kama mtu anavyotaja kazi ya kawaida ya shambani.

Hawakuuliza tunakwenda wapi. Hawakuomba vitambulisho. Mmoja alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, akatazama nyuma ya dereva, akanyoosha kidole.

"Wewe wa leso ya kijani. Shuka."

Hapo ndipo mwili wangu wote ulipokufa ganzi. Niliangalia simu mkononi mwangu. Hapakuwa na mtu mwingine duniani niliyemwambia habari ya leso.

Senge alishuka. Alishuka polepole, akishika magoti, mwanamke wa miaka 60 na kitu. Kijana akamwambia, "Tunajua wewe ni nani." Senge akamsalimia: "Chamgei." Kisha akaendelea kwa Kinandi, moja ya lugha za Wakalenjin, sentensi baada ya sentensi. Alipokuwa msichana alikuwa amechuma majani ya chai Nandi Hills miaka mingi, lugha ile ilikuwa mdomoni mwake kama Kibukusu. Nilimwona kijana akirudi nyuma hatua moja. Akaomba kitambulisho, akasoma jina la Kibukusu, akasoma tena. Akatoa simu yake mfukoni akapiga, akasubiri, haikupokelewa. Akapiga tena. Ule ukimya wa kusubiri simu ipokelewe ni sauti niliyoota kwa miaka.

Wenzake wakadai jeneza lifunguliwe, kulikuwa na uvumi kwamba silaha zinasafirishwa ndani ya majeneza. Dereva akafungua mlango wa nyuma, tukafunua kioo. Wale vijana walioongoza kwa kelele walikuwa wa kwanza kugeuza uso. Wakalenjin wa zamani walikuwa na miiko mizito juu ya maiti, na nadhani hata katika siku ile kitu fulani cha mababu kiliwashika mabegani. Mzee mmoja mwenye koti refu na kofia akaja kutoka kando ya barabara, akatazama ndani. Akavua kofia.

"Maiti haizuiwi njiani," alisema kwa Kiswahili. Halafu akaonyesha kwa kofia kule ndani, alipojikunyata Mama chini ya shuka. "Na yule?"

"Wifi yangu," Senge akajibu. "Amelia, sauti imekwisha."

Mzee alimtazama Mama. Nikisema alitazama dakika nzima nitakuwa nimeongeza, lakini ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mama aliinua macho, machozi yamemkauka. Mzee akasema, "Pole, mama," akarudisha kofia kichwani, akawaambia vijana waburute gogo. Mimi naamini alijua. Sina ushahidi, ila naamini, na popote alipo, hai au amelala, namwombea.

Tulipita Eldoret jioni bila kusimama. Turbo maduka yalikuwa majivu. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipoanza kuteremkia mto Nzoia na ile harufu ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ikaingia garini, harufu nzito ya mayai viza ambayo wageni huziba pua. Mama aliivuta ndani. "Tumefika," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Mau Summit.

Nyumbani kulikuwa na moto wa matanga na watu wengi. "Mulembe, mulembe," kila upande, amani, amani. Senge alishuka wa kwanza na ile leso ya kijani mabegani. Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na taa. Alimwona Senge, akatazama leso, akatazama nyuma yake, akamwona Mama akishuka. Nilikuwa namtazama usoni. Kisha akajitupa chini akalia kuliko watu wote waliokuwapo.

Tulizika Jumamosi tarehe 26. Baba Mdogo ndiye aliyetoa shukrani kwa niaba ya familia.

Sikusema kitu. Ningesema nini, mbele ya kaburi bichi, katika mwezi ambao neno moja lilitosha kuchoma boma? Mama angehitaji kurudi Nairobi kwa barabara ile ile. Nilijiambia nitasema mambo yakitulia. Yalitulia. Annan aliwasainisha mkataba tarehe 28 Februari. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ikahesabu waliokufa, 1,133. Nami sikusema.

Sababu tulikuja kuiona kwenye karatasi. Baba alikuwa amenunua ekari 5 Lugari, hati ikiwa kwa jina lake peke yake. Tulipokwenda kwa chifu kuomba barua ya kuanzisha mirathi tukaambiwa barua imekwishatolewa, tangu wiki ya kwanza baada ya kifo. Ndani yake imeandikwa kwamba marehemu hakuacha mjane, ila "mwanamke wa Nairobi aliyerudi kwao". Baba Mdogo alikuwa ameandika habari ya Mama kabla haijatokea. Alingoja tu barabara imtimizie. Kesi ilichukua miaka 5, tukarudishiwa ekari 3, nyingine zilikuwa zimeshauzwa kwa mtu asiye na kosa.

Watu wakiniambia mwaka ule Wakenya waliuana kwa sababu ya kabila, nawaomba waniambie ni kabila gani lililopiga ile simu. Vijana wa Burnt Forest walikuwa na chuki, ndiyo, na waliua, na haki ya waliouawa bado haijapatikana. Kesi za ghasia zile katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague, zote zilianguka. Lakini mtu aliyewatuma kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikuwa wa tumbo moja na Baba, na alichotaka kilikuwa na mipaka na vigingi. Nafikiri kama kila boma lililochomwa lingehojiwa vizuri, kungepatikana simu nyingi za namna hiyo, na majina ya wapigaji yangekuwa majina ya jirani, ya mpangaji, ya shemeji. Siwezi kuthibitisha. Nasema ninachokijua cha kwetu.

Senge nilimuuliza mwaka 2016. Alikuwa mgonjwa wa miguu, nimekwenda kumwona, tumekaa chini ya mparachichi akimenya njugu. Nikamweleza yote: simu, maswali, jibu langu. Nilikuwa nimejiandaa aniambie nimekosea, au anifariji. Aliendelea kumenya.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilisikia ukisema rangi."

"Kwa hiyo baridi..."

"Baridi ilikuwepo." Akapuliza maganda. "Yule nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Namjua. Hajawahi kuuliza mtu amevaa nini."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia pale pale, tugeuze gari. Akasema tungegeuza kwenda wapi, na kaka yake yuko kwenye jeneza siku ya kumi na sita. Akasema pia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba yeye alikuwa na Kinandi, na Mama hakuwa nacho.

Ilinichukua wiki 2 kumwambia Mama. Nilimwambia jikoni, amesimama anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, habari ya simu, ya leso, ya Senge. Hakunilaumu, hakulia. Aliweka ungo mezani, akafuta mikono, akachukua simu yake akampigia Senge. Waliongea karibu nusu saa. Niliwasikia wakiulizana mvua imenyesha kiasi gani, gunia la mahindi limefika bei gani, na kama ile dawa ya miguu inasaidia.